Poongothai na Mazoezi Kumi na Mawili

Sheria ya kwanza katika maabara ile ya kompyuta chuoni ilikuwa viatu. Hakuna aliyeingia navyo, awe mwanafunzi, mwalimu au fundi wa umeme, kwa kuwa udongo mweusi wa mji wa Aruppukkottai, kusini mwa India, ukikauka huwa vumbi jepesi linalopenya hata chupa iliyofungwa. Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Poongothai. Kila asubuhi saa moja na nusu alifungua mlango kwa funguo zilizoning'inia kiunoni mwake, akafagia, akapangusa skrini thelathini na mbili, akawasha mashine moja baada ya nyingine, kisha akasimama mlangoni akitazama miguu.

Miaka kumi na sita ya kusimama pale ilimfundisha kuwajua watu kwa viatu kabla ya sura. Viatu vya ngozi vilivyotupwa katikati ya njia vilikuwa vya watoto waliozoea kuokotewa vitu nyumbani. Ndala zilizofungwa kwa waya zilikuwa za wale waliotembea kutoka vijijini. Na ndala za buluu zilizopangwa sambamba, visigino vikigusa ukuta kana kwamba vinaomba radhi kwa kuchukua nafasi, zilikuwa za Ilamathi, msichana wa mwaka wa pili aliyekaa bwenini, ambaye wenzake wengi hawakuwahi kuisikia sauti yake.

Wote walimwita Poongothai "Akka", yaani dada mkubwa, hata walimu waliomzidi umri. Alikuwa amesoma hadi darasa la kumi, kwa Kitamil, na Kiingereza chake kilitosha kusomea mabango ya mabasi. Lakini ukisimama nyuma ya migongo ya wanafunzi muda wote huo, macho hujifunza hata kama hayajaalikwa. Kila mwaka mazoezi yalikuwa yale yale kumi na mawili, ya Java, lugha ya kuandikia programu, kwa wanaoanza: salimia mtu kwa jina lake, jumlisha namba mbili, sema kama namba ni shufwa au witiri, sema kama mtu ametimiza umri wa kupiga kura, andika jedwali la kuzidisha, panga nyota ziwe pembetatu. Yote yalifanyika katika dirisha jeusi lenye maandishi meupe, bila picha wala rangi. Na kila mwaka makosa yalikuwa yale yale.

"Akka, inasema kosa liko mstari wa saba, na mstari wa saba ni mzima kabisa!"

"Tazama wa sita. Mashine ni kama mama mkwe. Inagombana na chungu kilicho mbele yake, kumbe kilichoiudhi kilipita zamani."

Na kweli, mstari wa sita ulikuwa umesahauliwa nuktamkato mwishoni.

Yale mabano yaliyojikunja, ambayo hufungua na kufunga kila kipande cha programu, yeye aliyaita masharubu. "Umefungua masharubu mangapi?" aliwauliza wavulana. "Manne. Umefunga mangapi? Matatu. Sasa nani anatembea sokoni na sharubu upande mmoja?" Darasa lilicheka, mvulana akaongeza sharubu lake, programu ikafanya kazi.

Hata hivyo yeye mwenyewe hakuwahi kuandika hata mstari mmoja. Kibodi aliigusa kwa kitambaa cha vumbi tu. Hakuna aliyemkataza; ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia aketi.

Ajabu ni kwamba vidole vyake viliijua kibodi kuliko vya mtu yeyote jengoni. Baba yake, Sannasi, alikuwa mlinzi wa shule ya taipu karibu na stendi ya zamani. Hakuwa na ada ya kumlipia binti yake, basi alipatana na mwenye shule: yeye atafagia na kupaka mashine mafuta, na msichana atatumia mashine namba tisa kabla wanafunzi hawajafika. Kwa miaka miwili Poongothai alipiga taipu kabla ya jua kupanda, macho yakiwa ukutani, maneno ya Kiingereza yakipita vidoleni bila kupita kichwani. Alifaulu mtihani wa daraja la kwanza akiwa na miaka kumi na saba. Sannasi alikitia kile cheti katika fremu na kukitundika katikati ya picha za miungu, akakivalisha shada la asumini, mpaka mama yake Poongothai akakihamisha akisema miungu wataona wivu.

Cheti hakikuleta kazi. Mashine za taipu zilipitwa na wakati, shule ikafungwa, vyuma vikauzwa kwa kilo. Sannasi akaajiriwa chuoni kama mlinzi, na alipofariki, chuo kilimpa binti yake ufagio na, baada ya muda, funguo za maabara. Kwenye karatasi za ofisi jina lake liliandikwa S. Poongothai, ile S ikiwa ya Sannasi, kama ilivyo desturi: herufi ya baba hutangulia, jina la mtoto hufuata. Siku ya kuajiriwa, karani alimuuliza kama anataka kuweka herufi ya mumewe. Alijibu kwamba mumewe yu hai na anajiweza.

Basi mwaka ule, kabla ya sikukuu za mwezi wa kumi, Mwalimu Thavamani, mkuu wa idara, alimwita ofisini.

"Akka, keti."

"Nikiketi nitajua ni habari mbaya, Mwalimu."

"Basi simama, lakini habari ni ile ile."

Uongozi mpya wa chuo ulikuwa umetoa agizo. Yeyote anayeshika funguo za maabara ya kompyuta lazima awe amefaulu mtihani wa vitendo wa wanaoanza, mbele ya mtahini kutoka nje. Mtihani ungefanyika baada ya Dipavali, sikukuu ya taa. Asiyefaulu angehamishiwa ghala la jiko la bweni.

"Mshahara ni ule ule," Mwalimu Thavamani alisema haraka.

"Sikuuliza mshahara, Mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana nimeusema, sikuwa na kingine cha kusema." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sari. "Nilipigania. Nimewaambia wewe ndiye unayeniambia mimi mashine ipi inaumwa. Wakaniuliza cheti kiko wapi."

Poongothai alirudi maabara, akasimama kati ya safu za mashine. Hakuchukia jiko, mchele na dengu havijawahi kumkosea. Lakini mle ndani ndimo alimozeeka. Ndimo alimoitwa Akka na watoto elfu moja na zaidi. Kumwondoa pale kulikuwa kama kumwambia kwamba miaka yote ile alikuwa anafagia tu.

Nyumbani, mumewe Kottaisamy, mtu wa zamu katika kinu cha nyuzi, aliisikiliza habari hiyo huku akila idli, vile vikate vya mchele vya kupikwa kwa mvuke.

"Kwa hiyo utasoma. Ukiwa na miaka arobaini na mitatu."

"Nitajaribu."

"Na mimi nitakula nini, nyota za pembetatu?"

"Utakula idli hizi hizi. Utazipika mwenyewe."

Kottaisamy alimega idli nyingine. "Baba yako," alisema hatimaye, "alinichosha masikio na kile cheti cha taipu siku niliyokuja kukuposa. Nilifikiri naoa hakimu." Akasukuma sahani. "Soma. Kupika idli si kazi ngumu, hata wewe umeweza."

Sikukuu ikafika. Siku ya Ayudha Puja vyombo vya kazi hupumzishwa na kuheshimiwa: plau, cherehani, lori, kisu cha kinyozi. Katika maabara, Poongothai alipaka kila mashine kitone cha liwa kwenye pembe ya skrini na katikati yake tone la unga mwekundu. Walimu na wanafunzi wakagawana bisi za mchele, sukari guru na dengu zilizotiwa nazi. Siku hiyo hakuna aliyewasha kitu, hakuna aliyesoma. Vitabu vyenyewe viliwekwa mbele ya picha ya Saraswati, mungu wa elimu, na mtu akifungua hata ukurasa mmoja ni mkosaji.

Kesho yake ndiyo Vijayadashami, na mambo hugeuka: kila chombo lazima kiguswe, kila kitabu lazima kifunguliwe, hata kwa dakika moja, kwa maana linaloanzwa siku hiyo halikwami. Ndiyo siku watoto wadogo huketishwa mbele ya sinia la mchele, mkubwa akawashika kidole na kuwaandikisha herufi ya kwanza ya maisha yao.

Poongothai alifungua maabara asubuhi hiyo akitazamia kuwa peke yake. Alikuta ndala za buluu mlangoni. Ilamathi alikuwa ameketi kwenye ngazi na daftari lake. Kwao ni mbali, hakuwa amekwenda nyumbani.

"Umekuja kugusa mashine?"

Msichana aliitikia kwa kichwa. Kisha, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeongea maktabani: "Na wewe, Akka?"

Poongothai alikuwa amebeba sinia, na ndani ya kitambaa, mchele kilo moja. Aliona aibu ghafla. Mtu mzima, mvi kichwani, na sinia la mtoto wa miaka mitatu. Lakini aliyevuliwa nguo huchutama, naye alikuwa amekwisha kuonekana. Akapiga moyo konde.

"Sina wa kunishika kidole," alisema.

Ilamathi alitazama mchele, akatazama mlango, kana kwamba mtu mwingine anayefaa zaidi angeweza kutokea. Hakutokea. Basi akaja, akachutama, akakishika kidole cha shahada cha Poongothai kwa vidole viwili baridi. "Tuandike nini?"

"Lile linaloanza kila kitu."

Wakaandika sharubu la kufungua. Halafu, kwa kuwa Poongothai hakukubali kuondoka na sharubu upande mmoja, wakaandika na la kufunga.

Kisha Poongothai akaketi. Alichagua mashine namba tisa. Ilamathi alisimama nyuma yake, mahali ambapo Poongothai mwenyewe alisimama siku zote, akamtajia mistari ya zoezi la kwanza: uliza jina, lisome, mpe mtu huyo salamu. Vidole vya Poongothai vilitua kwenye kibodi, macho yakapanda ukutani yenyewe, na maabara ikajaa mlio kama mvua juu ya bati. Ilamathi aliacha kutaja.

"Akka," alinong'ona, "unaandika haraka kuliko Mwalimu."

"Naandika nisichokijua. Hicho ni rahisi. Endelea."

Programu ikaanza kazi. Dirisha jeusi likauliza: Jina lako nani? Poongothai akaandika kama alivyoandika kwenye kila karatasi ya serikali maishani mwake: S. Poongothai. Mashine ikajibu:

Vanakkam, S.

Basi. Jina lake mwenyewe halikuwepo. Salamu ilikwenda kwa S.

Poongothai aliusoma mstari ule mara tatu. Sannasi hakuwahi kuingia katika chumba hiki ila usiku kukagua madirisha, viatu mkononi. Na sasa mashine, katika siku njema ya kuanza, imemsalimu yeye kwanza, kabla ya binti yake, kama mgeni mwenye adabu anavyomsalimu mkubwa wa nyumba kabla ya watoto. Machozi yalimtoka bila kelele. "Angalia," alisema. "Inajua heshima."

Ilamathi alifungua mdomo. Akamtazama Poongothai usoni, akaufunga. Akamletea dengu kwenye jani.

Tangu siku hiyo walikutana kila asubuhi, kuanzia saa moja na nusu mpaka kengele ya kwanza. Ilamathi alifundisha kwa njia ya watu wenye haya: aliandika swali kwenye kipande cha karatasi, akakiweka kando ya kibodi, akaenda dirishani mpaka aitwe. Poongothai hakuwa mwanafunzi mwepesi. Makosa ya wengine aliyaona kwa mbali, lakini kuandika toka mwanzo, bila mtu wa kumsahihisha, kulimtoa jasho. Alijua nyumba inapovuja bila kujua kujenga nyumba.

Kwenye pembetatu ya nyota Ilamathi alijaribu kumsaidia. "Si ni kama kolam, Akka? Ule mchoro wa unga unaochora mlangoni kwako? Unaweka nukta moja, kisha tatu, kisha tano..."

"Sijawahi kuhesabu. Mkono unajua."

"Lakini mkono ukijua, wewe si..."

"Mkono hauniambii. Kwani wako hukuambia kila kitu?"

Ilamathi alicheka, mara ya kwanza, akaziba mdomo kwa kiganja. Mwishowe Poongothai alichora kolam sakafuni kwa chaki polepole, Ilamathi akihesabu kwa sauti, wakaushika mkono ukifanya kazi kama watu wanavyomkamata mwizi. Pembetatu ikatoka siku ya tatu.

Kila zoezi alilinakili kwa mkono kwenye daftari la maabara, programu upande wa kulia kwa wino, matokeo upande wa kushoto kwa penseli, kama wanafunzi wote. Daftari alilipiga jalada la karatasi ya kahawia na kupaka manjano kwenye pembe zake nne. Ukurasa wa kwanza, upande wa penseli, aliandika: Vanakkam, S. Asubuhi nyingi, kabla hajagusa zoezi jipya, aliiendesha tena programu ile ya kwanza, aione salamu, kisha akaanza kazi. Ilamathi nyakati hizo alishughulika na kitu kingine.

Kottaisamy naye aliendelea na idli zake. Za wiki ya kwanza, alisema Poongothai, zingefaa kujengea ukuta. Wiki ya nne zikaanza kulainika.

Siku ya mtihani mtahini alifika kwa basi la saa tatu. Aliitwa K. Deivanayagam, mtu mnene, mpole wa mwendo, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisimama mlangoni akavua viatu. Poongothai, kwa mazoea, akainama kuvipanga.

"Mtahiniwa yuko wapi?" akauliza.

"Ni mimi, bwana."

"Wewe si ndiye mwenye viatu?"

"Ni mimi kote kuwili."

Mwalimu Thavamani alikohoa kuficha kicheko. Waliokuja kutazama, wanafunzi kama ishirini, walifukuzwa wakaishia ukumbini. Katikati ya viatu vyao vilivyotapakaa, Poongothai aliziona ndala za buluu, zimepangwa ukutani.

Akaokota karatasi ya swali kutoka kwenye bakuli la mtahini. Ilisema: Muulize mtu jina lake na umri wake. Mpe salamu, kisha mwambie kama ana haki ya kupiga kura.

Moyo wake ulitulia. Jina lilikuwa zoezi la kwanza. Umri na kura lilikuwa la nne. Hakuwahi kuyaunganisha, lakini kuunganisha ni kushona tu. Akaketi namba tisa, akapandisha macho ukutani, mvua ikanyesha juu ya bati. Mtahini alikuwa hajamaliza kuvuta kiti.

"Tayari? Hata chai haijaja." Akajisogeza mbele ya mashine. "Haya, iniulize mimi."

Dirisha jeusi likauliza jina. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole: K. Deivanayagam. Akabonyeza. Na hapo hapo, kabla hajaandika umri, mistari ya makosa ikamiminika chini ya skrini, na programu ikafa.

Kule ukumbini mtu alisema "Ayyo!" akazibwa mdomo.

"Mama," mtahini alisema bila ukali, "programu yako imenikimbia kabla sijaitajia miaka yangu. Na mimi miaka yangu siifichi." Chai ikaingia na maandazi mawili ya dengu. Akaitazama, akamtazama Poongothai. "Una muda mpaka nimalize hii. Ikiwa bado inakimbia, nitaandika ninachokiona."

Poongothai aliketi tena. Aliona ghala la jiko, magunia, kufuli lake. Akatafuta mstari wa kosa, akatafuta wa juu yake: nuktamkato zote zipo. Masharubu: yamefunguliwa matano, yamefungwa matano. Mtahini alikata andazi la kwanza.

Ndipo alipofanya jambo ambalo Ilamathi hakumfundisha. Aliinuka. Akasimama nyuma ya kiti chake mwenyewe, mikono mgongoni, mahali pake pa miaka kumi na sita, akaitazama skrini kama ya mtoto wa mtu.

Ungemwambia nini mtoto huyu? Programu iliyopita swali bila kungoja jibu: hiyo aliijua sura yake. Huwa kuna kitu kilichobaki mlangoni, na mashine, ikihitaji kitu cha pili, huchukua hicho hicho badala ya kumngoja mtu. Ni nini kilichobaki mlangoni?

Akainama, akasogeza mstari wa salamu juu ya swali la umri, akaiendesha tena na kuandika jina lake lote. S. Poongothai.

Vanakkam, S.

Kisha mistari ya makosa.

Akaona. Amri aliyoitumia ilikuwa ya kusoma neno moja tu, na neno huishia penye nafasi. Mashine ilichukua ile S na nukta yake, ikafika kwenye nafasi, ikasimama. "Poongothai" likabaki mlangoni na viatu mkononi. Ilipotaka umri, ikapokea "Poongothai," ikajaribu kuligeuza kuwa namba, ikashindwa. Haikuwa imemheshimu mtu. Hata siku ile ya mchele, haikuwa imemheshimu mtu. Iliishia tu kwenye nafasi.

Lakini mtahini alikuwa kwenye andazi la pili. Poongothai akafuta amri ya kusoma neno, akaweka ya kusoma mstari mzima. Akaiendesha.

Vanakkam, S. Poongothai. Umri? Arobaini na tatu. Una haki ya kupiga kura.

Mtahini aliweka kikombe chini, akaja, akaandika jina lake lote, akaandika hamsini na nane, akaambiwa ana haki. Akatikisa kichwa kulia na kushoto, kama mtu aliyeridhika. "Sasa nieleze kwa mdomo. Kosa lilikuwa nini?"

Kila jibu zuri lilimkimbia Poongothai, likabaki la kweli. "Nilifikiri inamsalimu baba yangu, bwana. Ile herufi yake. Nikaona ni adabu, nikaiacha. Kumbe inasoma mpaka kwenye nafasi tu, na mimi nilikuwa upande wa pili wa nafasi."

Mtahini hakucheka. Aligusa K ya jina lake kwenye skrini. "Yangu ni ya baba, Karmegam," alisema. "Alikuwa fundi seremala. Angependa kusalimiwa na mashine." Akachomoa kalamu ya katikati, akaandika alama, akatia sahihi. Kisha akavaa viatu vyake mwenyewe kabla Poongothai hajavifikia.

Mwalimu Thavamani alimkumbatia mbele ya wanafunzi, jambo ambalo si la kawaida yake, na miwani ikaanguka.

Asubuhi iliyofuata Ilamathi alipofika, alikuta kwenye meza ya namba tisa sinia lile lile. Safari hii halikuwa na mchele. Lilikuwa na majani ya tambuu, popoo, ndizi mbili, nazi, asumini, na kipande cha kitambaa cha blauzi: heshima anayopewa mwalimu na aliyefundishwa. Ilamathi akarudi nyuma.

"Hapana, Akka. Wewe ni mkubwa. Huwezi kuniinamia."

"Nani kasema nitainama? Magoti yangu yana kosa mstari wa sita. Pokea."

Msichana hakupokea. Uso ulimwiva. Maneno yakamtoka kwa mkupuo, mengi kuliko aliyosema wiki zote tano. "Niliona. Siku ile ya mchele, niliona haikumaliza jina. Nilitaka kusema, lakini ulikuwa unalia, halafu ukafurahi, na kila siku ikawa vigumu zaidi. Jana nilisimama ukumbini nikasema akishindwa, ni mimi. Sistahili hilo sinia."

Poongothai alimtazama, kisha akatazama sinia.

"Unastahili kofi," alisema.

"Najua."

"Na unastahili tambuu. Kofi nimesamehe." Akalisogeza sinia. "Sikiliza, mwanangu. Wiki ya pili, zile nyota ziliponishinda, nilitaka kuacha. Nilikuwa nimeshazoea wazo la jiko. Unajua nilirudi hapa kwa nini asubuhi ile? Si kwa ajili ya Java. Nilikuja kumwamkia baba. Ungeniambia siku ya kwanza, ningelirekebisha, likawa zoezi kama mengine, na mimi leo ningekuwa napima dengu. Ulininyamazia, ukaniachia mtu wa kunifungulia mlango kila siku. Pokea, kabla ndizi hazijaoza."

Ilamathi akapokea kwa mikono miwili. Halafu, kwa kuwa desturi ni desturi, yeye ndiye aliyeinama haraka na kugusa miguu ya mwanafunzi wake, na Poongothai akampiga begani kidogo kwa ufagio aliokuwa nao, akisema sasa kofi limelipwa.

Funguo zingali kiunoni mwake. Kila asubuhi anawasha mashine thelathini na moja, na namba tisa anaiwasha mwisho. Humo amehifadhi programu mbili: ile ya mtihani, isiyo na kosa, na ile ya siku ya mchele, ambayo hajaisahihisha. Anajua sasa inaishia wapi na kwa nini. Anaiendesha hata hivyo, anaandika jina lake lote, anasoma salamu inayotoka, anatikisa kichwa. Kisha husikia hatua ukumbini, anafunga dirisha jeusi, na kuinua sauti kabla mtu hajatokeza mlangoni:

"Viatu!"